Kulala Shimba: namna ya kwenda vilima vya Kwale kutoka Mombasa, usiku kucha na alfajiri yake

Sisi wa Mombasa tumekuwa tukinywa maji ya Shimba, ile hifadhi ya msitu na wanyamapori kwenye vilima vya Kwale, tangu enzi za ukoloni. Chemchemi za Marere zimo ndani ya ule msitu, na maji yake huteremka kwa mabomba mpaka kwetu. Siku ya anga safi, ukiwa Likoni ukaelekeza macho kusini-magharibi, unaiona migongo ya vilima yenyewe, kijani iliyokolea mpaka inakaribia weusi. Ni kilomita thelathini na kitu tu kutoka kisiwani. Lakini uliza mtaani kwako ni wangapi wamelala kule hata usiku mmoja, utawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Wengi waliofika Shimba walikwenda asubuhi wakarudi jioni, na wengi wao watakwambia hawakuona kitu. Ndivyo ilivyonipata mimi mara ya kwanza. Tulitoka nyumbani saa tatu, mimi, mamangu na watoto wawili. Tukaingia getini saa sita jua likiwa utosini. Tulizunguka saa tatu nzima tukaona nyani, mavi ya ndovu na vumbi jekundu. Watoto walilala kiti cha nyuma. Mamangu, ambaye alikuwa kimya njia nzima, akaniambia: "Mwanangu, wenyewe saa hizi wamelala. Sisi ndio tumekuja kubisha hodi wakati wa usingizi."

Maneno yake ndiyo mwongozo wenyewe. Joto likipanda, wanyama wa Shimba huingia ndani ya msitu na msitu ule ni mnene, jicho halipenyi. Hutoka kingo mbili za siku: jua linapozama na kabla halijapata nguvu asubuhi. Geti hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni, kwa hiyo anayetoka Mombasa siku hiyohiyo hukosa kingo zote mbili. Lala huko. Ukiweza, lala siku mbili.

Kwanza, chagua msimu

Miezi ya kaskazi, Januari hadi Machi mwanzoni, ndiyo rahisi kuliko yote: barabara kavu, nyasi fupi, wanyama huja kwenye maji. Julai hadi Septemba pia ni mizuri, na baridi ya kule juu wakati wa kusi ni raha tupu kwa mtu aliyechoka na jasho la mjini. Vilima vinapita mita 400 juu ya bahari, na upepo wa baharini ukivigonga huacha ukungu na manyunyu hata siku ambazo Mombasa ni jua kali.

Masika, yaani Aprili hadi Juni, nakushauri uache isipokuwa una gari la kupitia tope. Udongo ule mwekundu ukilowa huteleza kama sabuni. Msitu wenyewe wakati huo ni mzuri ajabu, lakini utauona ukiwa umekwama.

Pa kulala

Hapa ndipo watu hupoteza pesa na raha, basi nitakaa kidogo.

Kuna namna tatu za kulala. Ya kwanza ni nyumba ya wageni iliyojengwa kwa mbao juu ya nguzo, kati ya miti, ikitazama bwawa ambapo ndovu huja kunywa. Vyumba vyake ni vidogo, na uzuri wake hauko chumbani bali nje, kwenye roshani. Ya pili ni mabanda na viwanja vya kambi vya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, ndani ya hifadhi. Huko unajipikia mwenyewe, unabeba godoro na hema lako au unapanga banda, na usiku unakuwa wewe na msitu tu. Ya tatu ni nyumba za watu binafsi nje ya mipaka ya hifadhi, kwenye kingo za vilima, chache na zilizojitenga, nyingine zina bwawa la kuogelea na mtazamo wa bonde lote. Hizi ni ghali na hufaa walioolewa juzi, au mtu anayetaka kusoma kitabu chake bila kusumbuliwa.

Mwenye watoto wa miaka saba kwenda juu namshauri banda la KWS. Mwenye mzazi mtu mzima, nyumba ya mbao, maana mzee anaweza kukaa kitini na shali yake na wanyama wakamjia.

Mambo mawili usiyafanyie haraka. La kwanza, piga simu mwenyewe mahali unapokwenda kulala, uulize kama pako wazi, kama kuna maji, kama kuna umeme usiku. Mahali pa porini hufungwa kwa matengenezo na habari isifike mjini. La pili, usilipe kwa mtu wa kati usiyemjua. Mimi nilimtumia dalali mmoja pesa ya vyumba viwili. Tulipofika jioni jina letu halikuwa kwenye daftari, na tukalala Kwale mjini kwenye chumba kimoja watu wanne. Lipa kwa namba ya malipo ya mahali penyewe na uje na ujumbe wa risiti kwenye simu.

Malipo ya geti na vitambulisho

KWS haipokei pesa taslimu getini. Unalipa kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa M-Pesa au kadi, na ni bora umalize nyumbani kwenye mtandao mzuri kuliko kuanza kutafuta mnara wa simu mbele ya geti huku foleni inakusubiri. Angalia bei siku unayolipa, maana hubadilishwa. Mkenya hulipa kidogo sana ukilinganisha na mgeni, lakini lazima aonyeshe kitambulisho chake. Kama umemwalika shemeji kutoka Tanga au Unguja, abebe pasipoti yake. Gari hulipiwa peke yake, na anayelala hulipia kulala juu ya kiingilio.

Cha kubeba

Nguo za rangi ya udongo, kijani au kahawia. Usivae buluu wala nyeusi. Si habari ya pambo: msitu una mbung'o, na rangi hizo mbili humwita kama taa inavyomwita kumbikumbi. Kuumwa na mbung'o kunauma kweli, hata juu ya shati. Mikono mirefu na suruali ndefu, kwa sababu ya mbung'o, mbu na upupu ulio kando ya vijia. Aliyewahi kuguswa na upupu hahitaji kuelezwa mara ya pili. Viatu vilivyofunika vidole. Soksi uzivute juu ya pindo la suruali, maana nyasi zina kupe wadogo kama mbegu za ufuta. Jioni jikague nyuma ya magoti na kiunoni.

Leso mbili. Moja ya kujifunika baridi ya alfajiri, nyingine ya kutandika. Mswala kwa anayeswali. Tochi moja kwa kila mtu, si simu. Darubini ya kutazamia, hata ya kuazima.

Maji usibebe kwenye chupa za plastiki za kutupwa: zimepigwa marufuku katika hifadhi tangu tarehe 5 Juni 2020, na askari wa getini huangalia. Beba mtungi mkubwa na chupa za kudumu. Mifuko ya plastiki unajua mwenyewe, hiyo marufuku yake ni ya nchi nzima tangu 2017. Chakula chetu hutiwa kwenye vikapu na mabakuli yenye vifuniko. Mahamri ya usiku uliopita na mbaazi za nazi huhimili safari, katlesi pia, na chupa kubwa ya chai ya tangawizi ndiyo itakayokuokoa saa kumi na moja alfajiri. Nyama ya kuchoma nunua Kwale mjini unapopita; ni mji wa Waislamu na bucha zake ni za halali.

Njia

Wa kisiwani huvuka kwa feri hadi Likoni. Anayekwenda kwa miguu havuki kwa pesa, gari hulipa. Vuka mapema, kabla msongamano wa asubuhi haujaanza kutoka ng'ambo. Wa Changamwe, Mikindani, Nyali na Bamburi wenye magari siku hizi wanaweza kuchukua barabara ya Dongo Kundu kutoka Miritini, ikawatoa Kibundani bila kugusa feri. Kutoka hapo, wote ni barabara moja ya kusini mpaka Kombani, ambapo unaacha njia ya Ukunda na kukata kulia. Barabara inaanza kupanda, minazi na mikorosho inakuwa michache, hewa inabadilika puani. Pita Kwale mjini, shika njia ya Kinango, na mbele kidogo utaona bango la geti kuu.

Asiye na gari apande matatu ya Kwale kutoka Likoni. Lakini ajue kwamba bodaboda haitaruhusiwa kuingia hifadhini, wala mtu kwa miguu. Itabidi ukodi gari, Kwale au Ukunda, na mkubaliane kabisa kabla: siku ngapi, mafuta ya nani, dereva atalala wapi na atakula nini. Dereva anayeijua Shimba ni bora kuliko gari zuri. Muulize swali moja tu, la yule swala mkubwa wa Shimba: "Palahala hukaa wapi?" Akisita, tafuta mwingine.

Siku ya kwanza: shuka kwenye maporomoko

Fika mchana, weka mizigo, kisha nenda Elephant Lookout ambapo matembezi ya maporomoko ya Sheldrick huanzia. Askari wa wanyamapori mwenye bunduki huwasindikiza watu, kwa kawaida saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Ni kama kilomita mbili, kushuka. Kushuka ni rahisi. Kupanda kurudi ndiko kunakohesabu miaka ya mtu, na mwenye matatizo ya moyo au magoti abaki juu kwenye mtazamo, huko pia ataona mengi.

Mtembee nyuma ya askari, mmoja mmoja, na msiongee. Mara ya mwisho askari wetu alisimama ghafla akainua kiganja. Hatukuona kitu. Akatuonyesha chini: rundo la mavi ya ndovu, bado linatoa mvuke. Akavunja bonge moja kwa fimbo na ndani tukaona kokwa za matunda, nzima nzima, nyingine zimeshaanza kupasuka. "Huyu ndiye mkulima wa msitu," akamwambia binti yangu. "Anakula hapa, anapanda kule." Tukangoja mpaka alipoona ni salama.

Maji yanaanguka kutoka zaidi ya mita 20 juu, na chini kuna kidimbwi cha kuogelea. Ni baridi kwa mtu aliyezoea Bamburi. Oga, lakini bila sabuni: mto huo unanywewa na wanyama, na watu walio chini.

Usiku

Usiwashe muziki. Nasema kwa moyo wangu wote, maana nimeona magari yakifika na spika kubwa na usiku wa kila mtu ukaharibika, wa watu na wa wanyama. Kaa kwenye roshani au mbele ya banda, zima taa, jifunike leso.

Wa kwanza kuja huwa ni komba. Utamsikia akilia kama mtoto mchanga kutoka juu ya mti, kisha utaona macho mawili mekundu yakiruka. Usimpe chakula. Komba aliyezoea mkate hujifunza kufungua mifuko, na baadaye kuuma.

Ndovu huja bila sauti, na hilo huwashangaza wote. Usiku mmoja tulipolala huko na mamangu, nilikuwa nikitazama bwawa na kuona kivuli cha mti, kisha kile kivuli kikasogea. Jike mmoja, na ndama nyuma yake anayeshika mkia. Alisimama ukingoni muda mrefu. Akauparua udongo kwa mguu wa mbele, taratibu, akauchota kwa ncha ya mkonga na kuula. Tulisikia tumbo lake likinguruma, sauti nzito kama gari linalopita mbali. Mamangu alinishika mkono na hakuuachia mpaka walipoondoka.

Ukitoka chumbani kwenda chooni, tochi kwanza, mguu baadaye. Kama unalala hemani, chakula kisikae ndani ya hema, hata ndizi moja.

Alfajiri: palahala

Ukishaswali alfajiri, usirudi kitandani. Kunywa chai yako, uwe garini kabla jua halijachomoza. Hii ndiyo saa uliyoilipia.

Palahala, wengine humwita mbarapi, ni swala mkubwa ambaye Kenya nzima hana pengine anapoishi porini ila hapa Shimba. Kwa ajili yake zaidi ya yote ndipo mahali hapa pakatangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Majike na watoto ni kahawia iliyoiva. Dume aliyekomaa ni mweusi tititi, tumbo jeupe, uso una mistari myeupe, na pembe zake hurudi nyuma kwa mviringo kama jambia mbili. Hapendi msitu mnene. Mtafute kwenye vilima vya nyasi vilivyo kati ya misitu, upande wa Pengo na Giriama Point, hasa pale nyasi zilipochomwa na kuchipua upya.

Endesha polepole, kilomita kumi na tano kwa saa, madirisha wazi. Kila ukifika mahali msitu unapokutana na nyasi, zima injini na uhesabu mpaka mia. Sisi tulifanya hivyo mara tano tukipata nyati, kuro na pongo mmoja aliyebweka akakimbia. Mara ya sita ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni, na nyuma yake dume mmoja alikuwa amesimama ametutazama. Ngozi yake ilikuwa imelowa umande, inang'aa. Alikaa hivyo kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai, akageuka, akashuka upande wa pili wa kilima. Nimeishi Mombasa maisha yangu yote na sikujua kwamba kiumbe yule yuko mwendo wa saa moja kutoka kwangu.

Usimwendee karibu kwa gari ukitafuta picha. Waliobaki si wengi.

Juu ya miti, wakati huohuo, tazama mbega: mweusi, na manyoya meupe marefu mabegani kama mzee aliyejitanda shali. Hushuka chini mara chache, hivyo shingo yako ndiyo itakayofanya kazi. Na sauti ya mbawa nzito kama mtu anayepunga mkeka ni hondohondo.

Ukikutana na ndovu njiani

Barabara za Shimba zina kona nyingi na msitu uko pembeni kabisa, basi inatokea. Simama mbali. Usipige honi wala kuwasha taa kubwa. Angalia kama kuna ndama, na asiwe upande wako mmoja na mama upande mwingine. Akiendelea kula, mngoje amalize. Akitanua masikio, akainua kichwa na kukukazia macho, rudi nyuma polepole, moja kwa moja, bila kugeuza gari. Hakuna mtu ashuke.

Fahamu pia kwamba hawa ndovu wana historia ya kubanwa. Hifadhi imezungukwa na mashamba, na walipozidi msitu, mwaka 2005 KWS ilihamisha wapatao 150 hadi Tsavo Mashariki. Ukiona walioko ni wakali kidogo, ni haki yao.

Kama una siku ya pili

Nenda Mwaluganje, upande wa kaskazini. Wakulima wa Kidigo na Kiduruma, waliochoka kulimia ndovu, waliunganisha ardhi zao zikawa njia ya ndovu kutoka Shimba, na pesa za wageni hugawiwa wao wenye ardhi. Uliza karatasi zinazotengenezwa kwa mavi ya ndovu. Ni zawadi nzuri kwa mtoto wa shule.

Au ukirudi, pitia Kaya Kinondo, Diani, moja ya misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2008. Huko huingii bila mwenyeji. Utafungwa kitambaa cheusi kiunoni, utaambiwa usibusu mtu humo na usitoke hata na jani. Wasalimie wazee kwanza, kaa, zungumza habari za nyumbani kabla ya kuuliza chochote. Mzee wa kaya akikwambia hapa hatupiti leo, usiulize kwa nini.

Siku ya kuondoka, toka getini na taka zako zote, mpaka maganda ya machungwa. Simama Kwale sokoni ununue ndizi na asali, na kama unapita feri, uwe Likoni kabla ya saa kumi jioni, kabla watu wa kazini hawajaanza kurudi ng'ambo.